Kaka wa Darajani, Gemu Isiyoazimika Si Yako

Kila mtaa wa Unguja una mtaalamu wake. Forodhani wana wa pweza, Kisiwandui wana wa siasa, na Darajani wana wa vifaa. Jina lake halitajwi hapa na wala halihitajiki, maana aliyewahi kuzunguka pale sokoni kutafuta chaja au kava la simu ashakutana naye. Kijana wa miaka ishirini na kitu, kioo cha duka kimejaa eafoni, spika ndogo inapiga singeli kutwa. Simu ikifa anaifufua. Hapo hana mpinzani na sifa zake apewe. Tabu inaanza akishamaliza kufungua skrubu na kuanza kufungua mdomo.

Kaka ana misimamo. Asubuhi anaiposti kwenye stetasi, mchana anairudia dukani, usiku anaitetea kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka watu wanalala. Mitatu ndiyo iliyoshika kasi. Wa kwanza: laptopu isiyokubali Windows 11 ni takataka, mwenye nayo akanunue nyingine. Wa pili: diski za gemu zishapitwa na wakati, anayezishikilia ni mshamba wa kutupwa. Wa tatu: kwenda sinema ni mambo ya wazee na watalii, muvi ni simu na eafoni, basi.

Vijana wanacheka, wanamwaga emoji za moto, halafu wanatii. Na kutii huko kuna bei.

Muulizeni kijana mmoja wa Ng'ambo, anayesoma chuo na kuuza juisi jioni. Aliuza PlayStation 4 yake pamoja na diski nane, akaongezea akiba ya miezi, akachukua PS5 isiyo na tundu la diski. Siku ya kwanza alipiga nayo picha. Siku ya pili ndiyo akaelewa alichonunua. Gemu hana hata moja. Ili acheze inabidi ailipie upya kwa kadi ya benki ambayo hana, kisha apakue makumi ya GB kwa bando la simu linaloisha kabla hajafika robo, huku tukuza ya nyumbani imebaki yuniti nne. Mashine ikakaa wiki mbili juu ya kabati, mama yake ameifunika kitambaa kama seti ya vikombe vya wageni.

Lakini kilichomuuma zaidi si mashine. Zile diski nane zilikuwa zinazunguka kwa watoto saba wa mtaa. Huyu anachukua Jumatatu, yule anarudisha Alhamisi, na Jumamosi wote wanajaa kwake kugombea padi. Jumamosi ile walikuja kama kawaida, wakabisha hodi, na hakukuwa na cha kuwaazima.

Akarudi Darajani. "Sasa yakhe, mie nitaipakua kwa nini hii?"

"Ndivyo dunia inavyokwenda, bro. Zoea."

Hilo si jibu. Dunia inakwenda wapi, na nani kasema? Kaka maneno yale hakuyaokota Darajani. Kayatoa kwenye video za vijana wa California na London, ambao intaneti inaingia nyumbani kwa waya, haikatiki na haihesabiwi kwa GB. Kwao diski kweli ni usumbufu. Rai yao inalingana na soketi yao. Kuichukua nzimanzima na kuja kumuuzia mtoto wa Ng'ambo ni sawa na kununua koti la baridi ya Ulaya ukalivaa Kiwengwa mwezi wa Februari. Koti halina kosa. Mvaaji ndiye anayechekesha.

Na hata hukohuko watu wameanza kushtuka. Septemba 2023, kampuni ya EA ilipokuwa inaingiza jina jipya la EA Sports FC, ilizitoa gemu zake za zamani za FIFA kwenye maduka ya mtandaoni. Aliyekuwa hajanunua, milango ilifungwa. Mwenye diski ya FIFA alikuwa na diski yake: anacheza, anaazima, anauza. Machi 31, 2024, Ubisoft ikazima seva za gemu ya magari inayoitwa The Crew. Hiyo ilikuwa haichezeki bila seva hata ukiwa peke yako, kwa hiyo watu waliolipa hela halali waliamka hawana gemu. Kelele zilikuwa kubwa, na mwaka huohuo jimbo la California likapitisha sheria kwamba duka la mtandaoni lisimwambie mteja "nunua" bila kumweleza wazi kuwa anachopewa ni ruhusa ya kutumia tu. Hao ndio watu anaowanukuu kaka kila siku. Wao wameshajua kwamba walikuwa wapangaji, yeye bado anawahimiza watu wahamie.

PS5 ilipotoka Novemba 2020 ilikuja kwa sura mbili, yenye tundu la diski na isiyo nalo. Ile PS5 Pro ya Novemba 2024 ikaja bila tundu kabisa, ukilitaka unalinunua pembeni. Makampuni yana sababu yao. Diski ikishatoka dukani inazunguka, inauzwa mkono wa pili, mkono wa tatu, na kampuni haioni senti. Gemu ya akaunti haina mkono wa pili. Kwa mwenye kampuni hiyo ni faida. Kwa mtaa ambao watoto saba wanagawana diski nane, hiyo ni hasara, na haiwi maendeleo kwa sababu tu imeletwa kwenye boksi jipya.

Kaka atajibu, na anajibu kila siku, kwamba kuazimana ndiko kunakoua watengenezaji. Si kweli. Diski moja ukiiazima inabaki moja. Aliyeitengeneza kashalipwa, na wewe uliyeiazima huna kitu mpaka irudi. Kurudufu ndiyo habari nyingine, na mtu anayewajazia wateja muvi mpya kwenye flashi kwa elfu moja moja angekuwa wa mwisho kusimamia darasa hilo.

Haya, laptopu. Hapa kaka ana nusu ya haki, na nusu hiyo apewe. Ni kweli kwamba Oktoba 14, 2025 Microsoft ilimaliza huduma yake ya kawaida kwa Windows 10, na ni kweli kwamba kompyuta isiyopata tena marekebisho ya usalama ni mlango usio na komeo. Ni kweli pia kwamba Windows 11 inadai kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na prosesa ya karibuni, na laptopu nyingi za mtumba zilizoingia kutoka Dubai hazifiki hapo. Mpaka hapo anasema sawa.

Kosa lake ni pale anaporuka kutoka "Windows imekwisha" mpaka "kompyuta imekwisha". Bodi inafanya kazi, kioo kinawaka, kibodi haina shida. Laptopu kama hiyo ikipewa Linux inaamka, inapata marekebisho ya usalama bure, na LibreOffice inafungua kazi za skuli na barua za maombi bila mtu kulipa wala kuiba programu. Unaweza kuirudufu ukampa jirani, jirani akampa mwenzake, na hakuna sheria iliyovunjwa. Kazi ya kuiweka haizidi mchana mmoja. Fundi anaweza kuitoza, na mteja akaondoka na kompyuta yake akiwa na hela ya ada mfukoni. Kaka anaijua kazi hiyo. Haitaji kwa sababu pembeni yake kuna laptopu sita anazotaka zitoke.

Ndiyo hapo. Ukiitazama vizuri misimamo yake, ule wa laptopu na ule wa gemu njia yake inaishia kwenye kaunta ileile.

Na kuna la kuchekesha zaidi. Simu yake mwenyewe kaiweka Kiingereza, anasema menyu ya Kiswahili "inachanganya". Kiswahili sanifu kilijengwa tangu mwaka 1930 juu ya Kiunguja, yaani juu ya maneno ya bibi yake. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya bure ya ofisini iliyoandikwa kwa Kiswahili kuanzia menyu mpaka vitufe. Wakati huo kaka alikuwa hajajua kusoma. Watu wa huku walishaanza kuichonga teknolojia ifae huku, yeye leo anaona kuichonga ndio ushamba.

Zanzibar haijawahi kuogopa kitu kipya. Televisheni ya rangi iliwaka hapa mwanzoni mwa miaka ya 1970, Bara wakasubiri televisheni yao mpaka miaka ya 1990. Lakini kisiwa hiki kinajua pia maana ya kutegemea waya wa mtu mwingine. Kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja ilikaa gizani karibu miezi mitatu, umeme wa kutoka Bara ulipokatika. Waliokuwa wakubwa wanakumbuka ndoo za maji na kelele za jenereta. Anayemwambia mtoto wa kisiwa kila alichonacho akiweke kwenye seva ya mbali, kwanza awaulize waliolala gizani miezi ile.

Tumalizie na sinema, maana hapo ndipo kaka anapokosea vibaya zaidi. Mtaa anaouzia chaja ulikuwa na sinema yake, Empire, ambayo jengo lake baadaye likageuzwa supamaketi. Vuga ilikuwa na Royal tangu 1921. Ikaungua, na mahali pake ikafunguliwa Majestic mwaka 1955. Sultana ilifunguliwa 1951, ikaja kuitwa Cine Afrique baada ya Mapinduzi ya 1964. Jumapili familia nzima zilivaa vizuri zikaenda kuangalia picha za Kihindi, na kulikuwa na maonesho ya wanawake peke yao, mama na mabinti, bila bughudha ya mtu.

Na mkanda wa filamu ukiwa mmoja, kumbi ziligawana. Kijana wa baiskeli alibeba kipande kilichokwisha kwenye ukumbi huu akakimbiza kwenye ukumbi wa pili, akarudi kuchukua kingine, usiku uleule. Nakala moja, mji mzima umeona. Hata Jaws Corner, pale wazee wanapokunywa kahawa na kubishana siasa, jina lake limetoka kwenye muvi ya papa ya mwaka 1975. Muvi iliyoangaliwa na watu pamoja imekuwa jina la mtaa. Ile aliyoangalia kaka jana peke yake, kwa kasi maradufu ili imalize haraka, leo asubuhi hakukumbuka hata imeishaje.

Leo kumbi zile tatu hazioneshi tena muvi, na Majestic imebaki gofu linalosubiri wanaohangaika kulifufua. Kwa hiyo kaka akisema watu hawataki sinema, anachanganya kutotaka na kukosa pa kwenda. Akitaka ushahidi, aende Ngome Kongwe siku za tamasha la ZIFF, linalofanyika tangu 1998, akaone watu walivyojaa kwenye ngazi za mawe chini ya nyota. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na inayozungumzia Zanzibar ya miaka ya 1950, ilioneshwa Toronto mwaka 2021 na mwaka 2022 ikachukua Tanit ya Dhahabu kule Carthage, Tunisia. Vichochoro vya Mji Mkongwe vimekaliwa kimya na kutazamwa na wageni kwenye kioo kikubwa. Mtoto wa vichochoro hivyo ndiye anayeambiwa kioo cha inchi sita kinamtosha.

Simu haina dhambi, na hakuna anayesema watu warudi kwenye mikanda na baiskeli. Ila kuna kipimo kimoja kinachofaa kutumika kabla ya kutoa hela Darajani: je, kitu hiki naweza kumwazima mwenzangu, kumuuzia, au kukaa naye tukakitumia pamoja? Kikishindwa yote matatu, unakikodi tu, hata kama risiti imeandikwa umenunua. Mwenye uwezo akodi, hela ni zake. Lakini asimwite mshamba mwenye diski yake nane na watoto saba mlangoni. Huyo ana duka, maktaba na ukumbi wa sinema ndani ya chumba kimoja, na hategemei seva ya mtu.

Kaka wa Darajani aendelee kufufua simu, mikono yake ni dhahabu. Akitaka kutoa darasa la teknolojia, aanze na somo la yuniti nne za tukuza.

Wadau, kabla hamjamtetea: mara ya mwisho nani alikuazima gemu, na wewe ulimwazima nani?