Sanduku la Barua Lenye Umbo la Ng'ombe

Zamani mkulima wa Marekani aliyekaa mbali na mji alilazimika kusafiri hadi Posta kutafuta barua zake, hata siku za mavuno. Mwaka 1896 Serikali ilianza kupeleka barua mashambani bila malipo, na wakulima wakatakiwa kuweka masanduku kando ya njia. Wengine walitundika chochote walichokuwa nacho: kopo tupu, ndoo ya mafuta ya nguruwe, au sanduku la sabuni. Lakini kopo lisilo na kifuniko halizuii mvua, na barua iliyolowa haisomeki, iwe ni ya biashara au ya msiba.

Kwa hiyo mwaka 1915 Posta ilikubali sanduku la bati alilolibuni mhandisi wake, Roy Joroleman. Juu limepinda kama tao, nalo lina kibendera cha kumwarifu mpeleka barua kwamba ndani iko barua ya kuchukuliwa.

Hata leo watu wa huko hujitengenezea masanduku yenye umbo la samaki, ng'ombe au trekta. Hawakatazwi, mradi mkuu wa Posta ya mahali pale ayakubali. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sifa ya sanduku ni kuitunza barua.