Chupa ya Dawa Peke Yake Haitoshi

Kila mvua za masika zinapokolea, mbuzi na kondoo wa wakulima wetu huanza kukonda katikati ya majani tele. Uvimbe wa maji hujitokeza chini ya taya, na siku chache baadaye mwenye mali humkuta mnyama amelala, hainuki. Wako wasemao kuwa ni kijicho cha jirani. Mara nyingi mchawi ni mnyoo mwembamba wa sentimeta 2 au 3, akaaye katika tumbo la nne la mnyama na kumnyonya damu. Jike mmoja huweza kutaga mayai 5,000 na zaidi kwa siku. Mayai hutoka na samadi, na penye joto na unyevu, baada ya wiki moja hivi, minyoo wachanga huwa wamekwisha panda kwenye majani wakingoja kuliwa.

Silaha za kupambana na adui huyu tumekuwa nazo kwa muda mrefu. Thiabendazoli ilitoka mwaka 1961, levamisoli ikafuata baadaye, na ivamektini ikaanza kutumika kwa mifugo mwaka 1981. Lakini kufikia mwaka 1964 ilikwisha ripotiwa kule Marekani kwamba wako minyoo wa kondoo wasiouawa na thiabendazoli. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu waliuthibitisha usugu wa namna hiyo hapa kwetu Tanzania. Hata monepanteli, dawa ya jamii mpya iliyoanza kuuzwa New Zealand mwaka 2009, ilipata minyoo sugu huko huko kabla ya miaka mitano kupita. Ni dhahiri, basi, kwamba anayeketi kungoja dawa mpya ya ng'ambo imwokoe anajidanganya.

Usugu huu haushuki kutoka mbinguni. Unaletwa na mikono yetu. Kundi zima hunyweshwa dawa kwa siku moja, awe mgonjwa awe mzima. Uzito wa mnyama hukisiwa kwa jicho, na mbuzi hupewa kipimo cha kondoo, ingawa mwili wa mbuzi huiondoa dawa upesi zaidi na wataalamu humpangia kipimo kikubwa zaidi. Minyoo dhaifu hufa; wenye nguvu hubaki na kuzaana. Hapa hatuna budi kujikosoa sisi watumishi wa umma. Bwana Mifugo apimwaye kazi yake kwa idadi ya wanyama walionyweshwa atanywesha wengi iwezekanavyo, na taarifa yake itasomeka vizuri ofisini, huku dawa ikiendelea kupoteza nguvu malishoni.

Liko jambo moja linalowahusu hasa walimu wa kilimo. Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba kundi zima linyweshwe dawa, kisha lihamishiwe mara moja kwenye malisho mapya yasiyo na minyoo. Shauri hilo lilionekana la busara kabisa. Leo tunajua hatari yake: minyoo pekee wanaofika kwenye malisho mapya ni wale waliokwisha ishinda dawa, na hawakuti wenzao dhaifu wa kuchanganya nao uzao. Kwa hiyo sasa inashauriwa baadhi ya wanyama wenye afya waachwe bila dawa, ili uzao wa minyoo wasio sugu usitoweke. Mkulima atashangaa kuambiwa aache minyoo kwa makusudi, na si ajabu akadhani Serikali imeishiwa dawa. Ndiyo maana kazi hii yataka mwalimu, wala si mgawaji wa chupa.

Namna ya kuwachagua wagonjwa ipo, tena ni rahisi. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Afrika Kusini walitengeneza kadi ya rangi iitwayo FAMACHA. Mchungaji hufunua kope ya chini ya jicho na kuilinganisha na kadi: nyekundu ni afya, nyeupe ni mnyama aliyenyonywa damu, naye atibiwe bila kukawia. Kadi hiyo haigundui kila aina ya minyoo, na wasioifahamu wafundishwe kwanza. Lakini kwa kuwa wanyama wachache tu katika kundi ndio hubeba minyoo walio wengi, dawa kidogo hufanya kazi kubwa.

Tena tusisahau mali yetu wenyewe. Utafiti uliofanywa Diani, pwani ya Kenya, katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba kondoo wekundu wa Kimasai walihimili minyoo kuliko kondoo wa Dorper waliotoka Afrika Kusini, na walikufa wachache zaidi. Hata hivyo wako maofisa ambao hadi leo humcheka mfugaji mwenye kondoo wekundu na kumhimiza apandishe madume ya kigeni, kwa sababu tu yana mwili mkubwa.

Shule zenye mbuzi au kondoo zinaweza kuanza masika yajayo. Wanafunzi wapime uzito kwa mizani, wakague kope kila wiki mbili, waandike katika daftari ni mnyama yupi aliyetibiwa na yupi aliyeachwa, na wawachunge mbuzi vichakani, si mahali ambapo majani ya chini yamekwisha liwa hadi kwenye shina. Daftari hilo Bwana Mifugo wa kata aombwe kulisoma, hata kama halina mahali pa kuingia katika taarifa yake ya mwezi.