Kabla ya Kuinua Mkono Mnadani, Isome Chasisi

Wahenga walitufunza kwamba si kila king'aacho ni dhahabu. Kwingineko methali hii huenda ikawa pambo la insha tu, lakini hapa Macalder ni elimu ya kujipatia riziki. Tangu enzi za mgodi mkubwa wa shaba na dhahabu uliofungwa mwaka wa 1966, hadi leo ambapo wachimbaji wadogo wadogo wanaendelea kushuka mashimoni, kila mtoto wa Nyatike anajua kuwa jiwe linaweza kumetameta na lisiwe na thamani ya kikombe cha chai. Pairiti hung'aa kuliko dhahabu yenyewe. Ndiyo maana mnunuzi wa dhahabu hafungui mkoba kabla ya kupima uzito na kutia asidi, hata kama muuzaji ni shemeji yake.

La kushangaza ni kwamba watu hao hao wanaopima punje ya dhahabu kwa mizani, wako tayari kununua gari zima kwa kutazama picha kwenye simu.

Nayasema haya kwa uchungu. Mwaka jana mwenzangu mmoja, mwalimu mstaafu niliyefundisha naye kwa miaka mingi, alinijia akiwa na furaha ya kijana aliyepata barua ya kuitwa kazini. Alikuwa ameona gari katika mnada wa mtandaoni: Datsun 240Z ya mwaka wa 1973, rangi nyekundu, usukani wa kulia, "asili tupu, haijaguswa", tena eti ilishiriki mashindano ya Safari Rally. Kwa mtu wa umri wake, maneno hayo ni kama wimbo wa utotoni. Ni katika gari la aina hiyo hiyo ambamo Shekhar Mehta alishinda Safari ya mwaka wa 1973, miaka miwili baada ya Edgar Herrmann kushinda kwa 240Z vile vile. Sisi tuliokulia enzi hizo tulikuwa tukikimbilia barabarani kila Pasaka kula vumbi kwa hiari yetu.

"Mwalimu," akaniambia, "hili nitalirithisha wanangu."

Nilimwomba anionyeshe picha zote. Katika picha ya injini palionekana kibati chenye namba ya chasisi, nayo ilianza kwa herufi HLS30. Moyo ukanipiga. Datsun 240Z zilizoundwa kwa masoko ya usukani wa kulia kama letu, namba zake za chasisi huanza kwa HS30. Ile L ya katikati ni alama ya gari lililozaliwa na usukani wa kushoto. Basi ama gari lile lilihamishwa usukani, ama kibati kilitolewa katika gari jingine. Kwa vyovyote vile, halikuwa "asili tupu", na vigumu kuamini kwamba liliwahi kukata matope ya Safari. Tulipomwandikia muuzaji kumwuliza, alijibu kwamba wanunuzi wengine watatu walikuwa wanasubiri na kwamba mwenye maswali mengi hana haja ya gari. Nilipomwambia mwenzangu aachane naye, aliinamisha kichwa. Alikuwa amekwisha kutuma amana, sehemu ya kiinua mgongo chake. Fedha hizo hazijarudi hadi leo.

Wako watakaosema kwamba mzee aliponzwa na tamaa. Mimi sikubaliani nao. Kupenda kitu kizuri cha ujana wako si dhambi. Kosa lake lilikuwa moja tu, nalo ni kosa ambalo sisi walimu hatungelivumilia darasani: aliamini jibu bila ya kudai kuonyeshwa hesabu ilivyofanywa.

Ujanja huu haukuzaliwa kwetu. Huko Marekani, ambako magari ya miaka ya sitini yenye injini kubwa huuzwa kwa bei ya kutisha, walaghai wamekuwa wakichukua gari la kawaida, wakalibandika nembo na mistari ya rangi, kisha wakaliuza kama toleo la mbio. Pontiac GTO ni mfano maarufu. Kuanzia lile la mwaka wa 1966, GTO halisi ya enzi hizo ina namba ya chasisi inayoanza na tarakimu 242. Gari la mwaka huo lenye nembo ya GTO lakini namba yake ikaanza na 237 ni LeMans iliyovishwa joho la kaka yake. Nembo hununuliwa dukani na kubandikwa kwa dakika kumi. Namba iliyogongwa kiwandani haifutiki bila ya kuacha kovu.

Basi mnunuzi aanzie hapo. Adai picha ya namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bodi yenyewe, si ya kibati peke yake, maana kibati hufungwa kwa ribiti na ribiti hung'olewa. Namba hizo mbili zilingane, na zilingane pia na kitabu cha umiliki. Kisha atazame namba ya injini. Injini ya 240Z hubeba alama ya L24. Ikiwa imebadilishwa, hilo peke yake si wizi, kwa kuwa gari la miaka hamsini huchoka kama binadamu. Wizi ni kunyamaza.

Baada ya namba, asome mwili. Mita ikidai kilomita chache huku mpira wa kanyagio la breki umelika hadi chuma, mmojawapo ni mwongo, na kanyagio halina sababu ya kudanganya. Tairi nazo zina kumbukumbu: tarakimu nne zilizoandikwa ubavuni hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Anayekuambia kwamba tairi hizo zilikuja na gari lake la mwaka wa 1973 amejihukumu mwenyewe. Rangi mpya inayometa isikupumbaze. Chukua sumaku ndogo uipitishe mlangoni na juu ya magurudumu. Pale isiponata, chini ya rangi hakuna chuma bali dawa ya kujazia mabonde iliyopigwa msasa. Wanafunzi wa fizikia wanaweza kulifanya jaribio hili kwa sumaku ya maabara.

Hatimaye, asome hadithi. Anayedai kwamba gari lake lilishiriki Safari aonyeshe mwaka, majina ya dereva na msaidizi wake, namba iliyobandikwa mlangoni, na picha za wakati huo. Mashindano yale, yaliyoanza mwaka wa 1953, hayakufanyika gizani; magazeti yaliyaandika. Kadhalika, atakayetangaza kwamba ameliingiza nchini juzi gari la Kimarekani la mwaka wa 1969 lenye usukani wa kushoto aulizwe alivyolisajili, kwa kuwa kwa kawaida kanuni zetu haziruhusu kuingizwa kwa gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, wala kusajiliwa kwa gari la usukani wa kushoto ila kwa kazi maalumu. Na namba ya usajili ikishajulikana, rekodi ya gari hutafutwa katika mamlaka ya usafiri, NTSA, kwa ada ndogo. Jina la mwenye gari likitofautiana na la muuzaji, funga mkoba.

Najua kuna msomaji anayetikisa kichwa na kusema: "Sisi wa Macalder na 240Z wapi na wapi?" Swali ni la haki. Lakini ulaghai ni ule ule, uwe wa gari la kifahari au wa pikipiki ya bodaboda inayouzwa kwa kijana aliyeuza ng'ombe wa mama yake. Mita iliyorudishwa nyuma katika Probox, injini iliyofutwa namba, picha iliyoibwa kutoka tangazo la nchi nyingine, na yale maneno ya "tuma amana sasa hivi, wengine wanasubiri", ni watoto wa baba mmoja. Mstaafu hupoteza kiinua mgongo. Kijana hupoteza mtaji na heshima nyumbani.

Sheria hazikosekani. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na bidhaa anayoinunua. Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka wa 2012 inakataza maelezo ya uongo, na sheria ya uuzaji wa bidhaa inataka kitu kifanane na kilivyoelezwa. Lakini sheria humsaidia aliye na ushahidi, na muuzaji aliyejificha nyuma ya jina la bandia na laini ya simu iliyozimwa hapatikani kwa urahisi. Kwa hiyo mnunuzi ahifadhi tangazo, picha na kila ujumbe kabla havijafutwa, tena asitume hata shilingi moja kabla ya yeye mwenyewe, au fundi anayemwamini, kuligusa gari.

Ombi langu kwa walimu wenzangu ni hili. Mtaala wa Umilisi unatutaka tuwafunze watoto ujuzi wa kidijitali, nasi mara nyingi tunaishia kuwafunza kufungua na kufunga kompyuta. Tuwafunze pia kusoma tangazo. Tulete tangazo moja la gari darasani, tuwaulize: Ni lipi hapa lenye ushahidi? Ni lipi ambalo ni sifa tupu? Ni swali gani ambalo muuzaji hakutaka liulizwe? Hilo ni somo la Kiswahili, la hesabu na la fizikia kwa wakati mmoja.

Ukiona vyaelea, walisema wazee, jua vimeundwa. Siku hizi yafaa tuongeze: na ujue vimeundwa na nani, lini, na kwa namba gani. Mwenzangu angeijua ile herufi moja mapema, leo angekuwa na fedha zake mkononi.