Majina Haya Yanawapotosha Vijana Wetu

Kumbi za kunyanyua vyuma zimezidi kuongezeka mijini, na miongoni mwa wanaozijaza wamo wanafunzi wa vyuo na hata walimu wao. Hilo ni jambo la kupongezwa, kwani mazoezi ni afya. Linalotia wasiwasi ni kwamba baadhi ya vijana hawa hushawishika kutumia homoni ili misuli itune upesi. Siku wanapopimwa damu, huambiwa kwamba vimeng'enya vyao vya ini vimepanda.

Hapo ndipo makosa mawili huzaliwa. Mmoja husikia neno "ini" akadhani maisha yake yamefikia ukingoni. Mwingine hudai kwamba hayo ni mambo ya misuli tu, akaendelea kumeza vidonge vyake. Mimi nashikilia kwamba wote wawili wamepotoshwa na majina.

Tuanze na jina hilo la vimeng'enya vya ini. Neno kimeng'enya limetokana na kitenzi kumeng'enya, yaani kuvunjavunja kitu kama tumbo lifanyavyo chakula. Neno lenyewe halina ubaya. Tatizo ni lile "ini" lililofungamanishwa nalo. Vimeng'enya viwili vinavyopimwa mara nyingi hospitalini hujulikana kwa vifupisho vya AST na ALT. Ini limejaa vyote viwili, lakini misuli nayo inavyo, hasa AST. Seli ikijeruhiwa, vimeng'enya hivyo huvuja na kuingia katika damu. Kipimo hutwambia tu kwamba vimevuja. Hakitwambii vimetoka wapi.

Kunyanyua vyuma vizito, hasa kwa asiyezoea, hujeruhi nyuzi za misuli. Mwaka 2008 watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanaume 15 wenye afya njema ambao hawakuwa na mazoea ya vyuma. Baada ya saa moja tu ya mazoezi, AST na ALT zilipanda, zikabaki juu kwa muda usiopungua siku 7. Kreatini kinasi, kimeng'enya kinachopatikana kwa wingi katika misuli, nacho kilipanda. Lakini kile kiitwacho GGT hakikupanda, wala bilirubini, ile rangi ya manjano ambayo ini huiondoa katika damu, haikupanda.

Maana yake ni dhahiri. Daktari asiyeuliza habari za mazoezi anaweza kumshuku ulevi kijana asiyeonja pombe, au kumsumbua kwa vipimo visivyo vya lazima.

Hata hivyo, asije mtu akajificha nyuma ya utafiti huo. Wanaume wale walinyanyua vyuma tu. Anayetumia homoni ana habari nyingine, na hapa twakutana na jina la pili: dawa za kututumua misuli. Ndivyo magazeti na redio zetu zinavyoziita. Jina hilo hutaja kile ambacho kijana anakitamani na kulinyamazia ini kabisa.

Testosteroni ya kawaida ikimezwa, hupita utumboni na kufika kwenye ini, nalo huivunja kabla haijaenea mwilini. Ini ni kama kituo cha forodha ambacho kila kimezwacho hakina budi kukipitia. Ili kukwepa kizuizi hicho, wanakemia waliibadilisha molekuli yenyewe ili ini lishindwe kuivunja kwa urahisi. Mojawapo ya dawa za namna hiyo ni stanozololi, iliyopatikana katika mkojo wa Ben Johnson wa Kanada kwenye Michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988.

Dawa iliyobuniwa kulishinda ini hulitesa ini. Nyongo huweza kukwama, macho yakageuka manjano na mwili ukawasha. Kwa watumiaji wa muda mrefu, huweza kutokea vivimbe, au vifuko vilivyojaa damu ambavyo vikipasuka huhatarisha maisha. Sindano za testosteroni hazilidhuru ini kwa kiasi hicho, lakini nazo si salama: huweza kuifanya damu kuwa nzito, kusinyaza korodani na kupunguza mbegu za uzazi.

Historia nayo inatufunza. Kuanzia mwaka 1974, serikali ya Ujerumani Mashariki iliendesha mpango wa siri wa kuwapa wanamichezo vidonge vya samawati vya Oral-Turinabol, ambavyo ni vya jamii hiyohiyo. Wasichana waogeleaji waliambiwa kwamba ni vitamini. Baadhi ya wanamichezo hao walidhurika ini. Mwaka 2000 mahakama ya Berlin iliwatia hatiani Manfred Ewald, aliyekuwa kinara wa michezo nchini humo, na daktari Manfred Höppner.

Nchini mwetu, sheria ya mwaka 2016 iliunda shirika la ADAK kupambana na dawa hizi michezoni. Lakini kijana asiyeshindana popote, anayetaka tu kifua kipana, hafuatwi na wapimaji wa mkojo. Kinga yake ni maarifa yake mwenyewe.

Kwa hivyo, anayenyanyua vyuma apumzike angalau juma moja kabla ya kupimwa damu. Akiambiwa AST na ALT zimepanda, aombe kreatini kinasi, GGT na bilirubini zipimwe pia, pamoja na virusi vya homa ya ini aina ya B na C. Macho yakiwa manjano au mkojo ukiwa mweusi, asingoje juma lipite. Aende hospitalini siku hiyohiyo. Na amweleze daktari kila alichokimeza au kudungwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Daktari naye asikilize bila kukaripia, maana kijana anayekemewa leo atanyamaza kesho.

Nasi walimu tuna wajibu wetu. Wa biolojia na wa Kiswahili waketi pamoja, wawafundishe wanafunzi kusema "vimeng'enya vya ini na misuli". Jina hilo ni refu zaidi, lakini humkumbusha mgonjwa na mganga wake kwamba kuna swali ambalo halijajibiwa bado.