Manowari Si Neno Geni

Wako walimu wenzetu, hapa Kibiti na huko Delta, wasemao kwamba michezo ya simu na ya runinga yawaharibia vijana Kiingereza. Wasema, maneno yaliyomo ni maneno yaliyokufa. Hayaulizwi katika mtihani, wala Mwingereza wa leo hayatumii sokoni. Basi kijana akija na neno la namna hiyo hufukuzwa, na pengine huchekwa mbele ya wenzake. Sisi twapinga jambo hili, maana hasara yake ni kubwa kuliko wadhanivyo.

Upo mchezo wa maharamia uitwao Assassin's Creed IV: Black Flag, uliotolewa mwaka 2013. Ndani yake merikebu kubwa ya vita huitwa man o' war. Kijana mmoja alimpelekea mwalimu wake neno hilo, akajibiwa, “Kwa Kiswahili hakuna, achana nalo, soma kitabu chako.” Hakuna! Neno lenyewe ndilo manowari, lililotoka vinywani mwa mabaharia wa Kiingereza likafanya maskani pwani yetu. Waingereza hawaziiti tena merikebu zao kwa jina hilo; sisi twalo hata leo. Na lasemwa wapi kuliko Delta? Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Unguja tarehe 20 Septemba, kisha ikajificha katika mito yetu upande wa Salale, hata ikaangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Kijana wa Salale aambiwaje kwamba hana jina la kitu kilichozama mtoni kwao?

Merikebu mbili zilizoiangamiza, Severn na Mersey, zilikuwa za namna iitwayo monitor: zenye mizinga mikubwa, nazo zaweza kuingia mtoni kwa kuwa hazihitaji kina kirefu. Kwa watoto wetu monita ni yule aandikaye majina ya wapiga kelele darasani.

Hatusemi mchezo ni shule. Kukesha na simu mkononi, na kumaliza fedha ya mama kwa vifurushi, hayo twayachukia kama mzazi yeyote. Lakini kosa la kijana ni moja, na kosa la mtu mzima asemaye “hakuna” ni jingine. Katika Minecraft kijana hukarabati upanga wake juu ya anvil, naye hajui kwamba ni fuawe, neno ambalo msomaji wa Maandiko hulikuta katika Isaya, kama akutavyo podo ya mishale katika Zaburi. Kitabu kiko nyumbani, wala hapana amwambiaye.

Ya baharini ndiyo yatuumizayo zaidi. Mchezoni kijana hukutana na stern, bow, bilge, akadhani ni siri za Ulaya. Shuleni tumemkaririsha methali: Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ameiandika katika mtihani, akapata alama zake. Mwulize tezi ni nini, hajui. Na mwalimu wake je? Tusiulize sana. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, ngama ni chini tumboni mwake, yakusanyikapo maji ya kutekwa na kumwagwa. Huyu aliyekwisha kuiona bilge katika mchezo yu karibu kuielewa methali kuliko mwenzake aliyeikariri tu, kama angepatikana mtu wa kumwunganishia mambo hayo mawili.

Basi mwalimu akiulizwa keel ni nini, naye hajui, aseme hajui, kisha afuatane na kijana mpaka Nyamisati, wamwulize fundi wa vyombo. Ataonyesha mti ule mrefu wa chini: mkuku. Mbavu zilizosimama juu yake: mataruma. Na pamba ile azibayo kwayo nafasi za mbao, maji yasipenye, hiyo ni kalafati.