Risala ya Wakulima wa Mboga Zisizo na Sumu wa Kagunga kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Umekuja Kagunga kwa boti, hivyo umejionea mwenyewe jinsi milima inavyotubana upande mmoja na Ziwa Tanganyika upande wa pili. Katika ukanda huo mwembamba tunalima lengalenga, matembele, nyanya, bilinganya na bamia, bila mbolea za viwandani wala dawa za dukani.

Kazi hii haimtaki mvivu. Alfajiri tunabeba ndoo na kumwagilia kabla jua halijawaka. Kisha tunakagua jani kwa jani, kwa sababu mdudu kantangaze hana huruma na nyanya. Majani aliyoyachimba tunayang'oa na kuyazika, yaliyobaki tunayanyunyizia maji ya mwarobaini na pilipili. Samadi ya mbuzi tunaibeba kichwani. Matuta yetu yanakinga mteremko, la sivyo mvua moja kubwa huuhamishia udongo wote ziwani.

Tunajitesa hivi kwa sababu maji yanayopita shambani yanaishia tunapochota ya kunywa. Mwezi Mei 2015 ndugu zetu wa Burundi walikimbilia hapa kwa makumi ya maelfu, wakalala ufukweni wakingoja meli ya MV Liemba iwapeleke Kigoma. Kipindupindu kikazuka, kikaua. Hatuwalaumu, walikuwa wakiokoa roho zao. Lakini aliyeyaona yale hahitaji kuambiwa mara ya pili kwamba uzima wa kijiji hiki umo katika maji yake.

Mheshimiwa, linalotukosesha usingizi ni mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 kutoka ufukweni shughuli za kudumu, au zile zenye kuweza kuathiri hifadhi ya mazingira. Sheria hiyo tunaiheshimu, na ziwa hili tunalipenda kuliko yeyote anayelitazama kwa mbali. Lakini ukipima mita 60 hapa, wengi wetu tunabaki na mwamba na mteremko mkali tu. Tena ziwa lilipojaa miaka ya karibuni, ufukwe ulisogea, na mita nazo zikasogea hadi katikati ya matuta yetu. Mkulima aliyelala akiwa halali anaamka akiwa mkosaji, na hajahamisha hata jembe.

Kifungu hichohicho kinampa Waziri nafasi ya kutoa miongozo. Tunaomba utufikishie ombi letu: shamba lipimwe kwa namna linavyolimwa. Bustani yenye matuta ya kukinga maji, majani ya tembo kandokando na samadi iliyooza vizuri isiwekwe fungu moja na shamba linalopuliziwa sumu huku udongo ukiporomoka. Wataalamu waje wapime maji yanayotoka kwetu. Wakikuta tunaharibu, tutaondoka.

Pia tunaomba sheria ndogo ya kuzuia kuoshea mabomba ya kupulizia dawa kwenye vijito. Tunaoteseka ni sisi tulio chini, na kila anayechota maji.

Kuhusu soko, nyanya iliyopuliziwa jana na nyanya yetu zinauzwa bei moja, kwa kuwa mnunuzi hana cha kuzitofautisha. Alama ya Kilimohai, ya kutambulisha mazao ya kilimo hai, ipo Afrika Mashariki tangu 2007, na upo mfumo shirikishi ambao wakulima wenyewe wanakaguana kwa kanuni zilizoandikwa, bila gharama kubwa za mkaguzi wa kutoka mbali. Serikali nayo ilizindua mkakati wa taifa wa kilimo ikolojia hai mwaka 2023. Mkakati huo haujatufikia. Tunaomba afisa ugani aliyesomea kilimo hiki, aje akae nasi msimu mzima, siyo kupiga picha na kurudi na boti ya jioni. Afisa anayekuja na jibu moja, la dawa ya kupulizia, hatusaidii hata akija kila wiki.

Na boti zenyewe, Mheshimiwa! Lengalenga lililochumwa alfajiri linafika Kibirizi, Kigoma mjini, limesinyaa, limepigwa jua njia nzima, pengine limepakiwa ubavuni mwa madumu ya petroli na kunuka mafuta. Hapo kazi ya wiki kadhaa inauzwa kwa bei ya kutupa. Tunaomba kibanda chenye kivuli na upepo pale tunapopakilia, na tunaomba wenye boti waelekezwe kutenga mboga na mafuta. Hilo la pili halihitaji bajeti.

Akina mama ndio wengi katika bustani hizi, na ndio wanaokwama kwenye makaratasi ya mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri. Tunaomba wasaidiwe kuyajaza hapahapa kijijini, badala ya kupoteza nauli kwenda mjini na kurudishwa kwa kukosa muhuri.

Tunaomba majibu yaletwe kwa maandishi na yasomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, kabla ya msimu wa mvua, maana suala la mita 60 ndilo litakaloamua nani apande na nani asipande.

Tunaomba kuwasilisha.

Wakulima wa mboga, Kagunga