Mama na Simu, sehemu ya 6: Mbona wanaozitengeneza hawashangilii?

 

Wiki iliyopita niliahidi kuandika kuhusu zile programu za simu zinazodai kujua mtoto anaumwa nini. Jumbe zimekuwa nyingi. "Sista, nimesikia kwenye habari kuna akili mnemba inasikiliza kikohozi cha mtoto inajua kama ni nimonia, nipakue ipi?" Jibu langu ni refu kidogo. Kaa vizuri, mpe mtoto ziwa, tuongee.

1.
Nina mdogo wangu wa kiume, kazi yake ni kuandika programu za kompyuta. Jumapili moja tuko kwa mama tunakula, taarifa ya habari ikasema kuna teknolojia mpya Marekani itachukua kazi za madaktari na manesi. Mama akaniangalia mimi kwa huruma kama nimeshafukuzwa tayari. Mdogo wangu wala hakugeuza shingo, anakata tonge tu. Nikamuuliza, si ndiyo mambo yenu haya? Akasema, "Dada, hilo ni tangazo la biashara limevalishwa koti la habari. Waje kwanza waioneshe ikifanya kazi usiku, umeme umekatika, mtoto analia."

Nilicheka, lakini neno lile lilinibaki. Nikaanza kumwuliza mara kwa mara, na wenzake pia wakija nyumbani. Wote wako hivyohivyo. Habari kubwa ya teknolojia ikitoka, sisi tunashangaa, wao wanauliza maswali. Wapo wanaosema ni wivu, eti wanaogopa kunyang'anywa kazi. Inawezekana kwa baadhi. Lakini ukimwona mama ntilie hali chakula cha genge fulani, si lazima ujiulize ameona nini jikoni?

2.
Wameona nini? Nitakupa visa viwili.

Machi 2024 kampuni moja ya Marekani, Cognition, ilimtangaza Devin, ikasema ndiye mwandishi wa programu wa kwanza wa akili mnemba. Ikatoa na video akifanya kazi ya kulipwa ya mteja. Dunia ikashtuka. Wenye fani wakaichukua ile video, wakaisimamisha hatua kwa hatua. Mmoja wao mwenye uzoefu wa miaka mingi akaonesha kwamba kilichofanyika hakikuwa kile mteja alichoomba, na kwamba baadhi ya makosa aliyokuwa "akirekebisha" Devin yalikuwa kwenye mafaili aliyoyaandika Devin mwenyewe. Yaani fundi anatoboa bomba, halafu anakutoza hela ya kuziba.

Kisa cha pili kilinitoa machozi, kwa sababu kiko upande wangu wa hospitali. Miaka ya 1980 kulikuwa na mashine ya mionzi ya kutibu saratani, Therac-25, iliyotengenezwa Canada. Mashine za kabla yake zilikuwa na vizuizi vya chuma na umeme vya kuzuia mionzi isizidi. Kwenye hii mpya, kazi kubwa ya ulinzi iliachiwa programu ya kompyuta. Programu ilikuwa na kasoro. Kati ya 1985 na 1987 wagonjwa 6, Marekani na Canada, walipigwa mionzi kupita kiasi kabisa, na baadhi yao wakafa. Mgonjwa analia kwamba ameungua, kioo cha mashine kinaandika tu "hitilafu namba 54" bila maelezo, na watengenezaji wanajibu kwamba haiwezekani mashine yao kuzidisha dozi.

Mdogo wangu aliniambia kisa hicho walifundishwa chuoni. Hapo ndipo nilipomwelewa. Hana wivu wowote. Ni mtu aliyefundishwa kwamba programu ikikosea, kuna mwili wa mtu upande wa pili.

3.
Sasa turudi kwangu wodini.

Usiku mmoja nikiwa zamu, aliingia mama amembeba mtoto wa miezi 8. Mtoto anapumua haraka, chini ya mbavu panabonyea ndani kila akivuta hewa. Nikamuuliza, mama, ameanza lini? "Tangu juzi, sista." Mbona umechelewa? Akatoa simu. Alikuwa ameiuliza programu moja, akaandika mtoto ana kikohozi na mafua. Ikamjibu vizuri, kwa upole, kwa Kiswahili safi: ni mafua ya kawaida, mpe maji ya kutosha, apumzike. Akaniambia kitu ambacho sijakisahau: "Sista, ilinijibu vizuri kuliko mnavyotujibu nyie."

Maneno hayo yaliniuma kwa sababu ni kweli. Sisi manesi tunafoka, tunachoka, tunamwambia mama "subiri nje" bila kumtazama usoni. Programu haifoki. Ndiyo maana sitamcheka mama yule hata siku moja, na wewe usimcheke.

Lakini ile simu haikumwona mtoto. Haikufunua shati. Ilijibu alichoandika, na yeye hakuandika kwamba kifua kinabonyea kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hicho ndicho kitu cha kuangalia. Mtoto tulimweka kwenye oksijeni na dawa, alipona, nashukuru Mungu. Siku mbili zile zingeweza kuwa tatu.

4.
Maswali ya wale mafundi ni mepesi, na wewe unaweza kuyauliza ukiwa na ndoo kichwani.

Swali la kwanza: nani ameipima, ni yeye mwenyewe au mtu mwingine? Juni 2018 kampuni ya Uingereza, Babylon Health, ilitangaza London kwamba akili mnemba yake imepata asilimia 81 kwenye maswali ya mfano wa mtihani wa madaktari, wakati wastani wa alama ya kufaulu ni 72. Chama cha madaktari wa familia cha huko kikapinga, na wataalamu wengine wakaandika kwamba ushahidi hautoshi. Maswali alikuwa amejichagulia na kujisahihishia mwenyewe. Oktoba 2021 kampuni ikaingia soko la hisa la New York ikiwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni 4. Mwaka 2023 ikafilisika. Na hili linatugusa, maana ilikuwa na tawi jirani hapa Rwanda, likiitwa Babyl, watu zaidi ya milioni 2 wamejiandikisha. Tawi nalo likafungwa. Kinachonigusa zaidi ni kwamba kule Rwanda waliokuwa wanapokea simu za wagonjwa ni manesi na madaktari. Habari zilisifu mashine, kazi walifanya watu.

Swali la pili: imepimwa kwa watoto wa namna gani? Unakijua kile kidude cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni. Utafiti uliotoka Marekani Desemba 2020 ulionesha kwamba kwa wagonjwa weusi kinakosa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya kwa weupe. Kidude kimetumika miaka na miaka! Nami nakitumia kila siku, sijakitupa. Ila namba ikiwa nzuri na mtoto anahangaika kupumua, namwamini mtoto.

Swali la tatu: wameruhusiwa kusema wanachosema? Kuna soksi ya kumvalisha mtoto mchanga, Owlet, inayosoma mapigo ya moyo na oksijeni na kutuma kwenye simu ya mzazi. Wazazi wengi Marekani waliinunua ili walale kwa amani. Oktoba 2021 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya huko ikawaandikia onyo kwamba wanauza kifaa tiba bila idhini, wakaacha kuiuza. Novemba 2023 toleo jipya likapata idhini, baada ya kupeleka ushahidi. Unaona? Mwenye shaka hakuua teknolojia, aliilazimisha ithibitishe. Na hata hivyo madaktari wa watoto wa huko bado wanasema usitegemee kifaa kama hicho kuzuia kifo cha ghafla cha kichanga. Mlaze chali, kitandani pasiwe na mito.

Swali la nne: ikikosea, nampata nani? Mimi nikikosea unajua wodi yangu, unamjua matroni wangu. Programu ikikosea saa nane za usiku, unampigia nani?

5.
Nisiwe mwongo, wale mafundi nao hukosea. Oktoba 2001 ilipotoka iPod wapo waliobeza kwamba ni kitu cha kawaida tu, kumbe ikabadilisha namna dunia inavyosikiliza muziki. Shaka nayo inaweza kuwa majivuno. Na sisi hapa Tanzania tumeona teknolojia ndogo ikisaidia kweli: ile huduma ya ujumbe mfupi ya Wazazi Nipendeni iliyoanza 2012, bure, kwenye simu ya kitochi, ikikukumbusha kliniki na dalili za hatari. Haikudai kuwa daktari. Ilikutuma kwa daktari. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo: programu inayokuharakisha kuja hospitali ni rafiki, inayokutuliza ubaki nyumbani iogope.

6.
Sasa kabla hujalala nikuachie kitu kisichohitaji bando. Mtoto akikohoa, mfunue kifua akiwa ametulia, si analia wala ananyonya. Angalia saa, hesabu pumzi dakika nzima. Chini ya miezi 2, zikifika 60 au zaidi ni haraka mno. Miezi 2 hadi asifikishe mwaka, 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi 5, 40 au zaidi. Ukikuta hivyo, njoo. Na kama kifua kinabonyea ndani, au hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri, usihesabu kitu, njoo sasa hivi hata kama ni usiku wa manane.

Simu yako itumie. Uliza, soma, jifunze, mimi mwenyewe natumia. Lakini ukisikia taarifa ya habari inasema mashine imemshinda daktari, fanya kama mdogo wangu: maliza ugali wako kwanza, halafu uliza maswali.

Na wenzangu manesi mnaonisoma, yule mama alisema inamjibu vizuri kuliko sisi. Hilo ni la kwetu, tusilisukumie kwa mtu.

Sehemu ya 7 Jumapili ijayo: nini cha kumwambia nesi ukifika mapokezi ili usirudishwe. Mtumie mama mmoja mwenye kichanga huu ujumbe. Usiku mwema.